Vyuma Vitano vya Mchezaji wa Kati

Lukumani bin Shomari,
Fundi Baiskeli,
Isevya, Tabora.
Ijumaa, 21 Juni 1974.

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kugawa Vifaa vya Michezo,
Tabora.

Ndugu Mwenyekiti Sylvester,

YAH: KUTAWANYWA KWA VYUMA VYANGU VYA GOFU NA MADHARA YALIYONIPATA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa na nafasi ya kukaa. Nimetaja kukaa kwa sababu ni ndefu. Nimeiandika kwa siku tatu, nikiwa nimeinamia baiskeli za watu, kwa hiyo ukiona alama ya grisi mahali popote usidhani ni hasira.

Wewe mwenyewe unanijua, lakini wajumbe wenzako huenda hawanijui. Mimi ndiye yule uliyebeba naye mifuko ya gofu ya Wazungu wa reli kwa miaka kumi na mitatu, wewe ukipenda bega la kulia na mimi la kushoto. Uhuru ulipoingia tulikaa juu ya kichuguu cha shimo la sita, wewe na mimi, tukaapa kwamba hatutabeba tena mfuko wa mtu maishani. Wewe ukashika siasa, mimi nikashika gofu. Nadhani kila mmoja amejitahidi kwa upande wake.

Kwa faida ya wajumbe, naomba nieleze hendikepu. Ni idadi ya mapigo ambayo mchezaji husamehewa anapomaliza mzunguko. Bingwa husamehewa machache, mgeni wa mchezo husamehewa mengi. Mimi nasamehewa kumi na sita. Kwa hiyo ni mchezaji wa kati, na ninaomba maneno hayo yasomwe polepole kikaoni. Sijawa bwanyenye wa gofu, wala si lofa wa gofu. Nilidhani siasa yetu ingenipenda.

Sasa waraka wenu wa tarehe tatu Mei unasema kwamba mchezaji ambaye hendikepu yake itazidi ishirini ifikapo Saba Saba ataondolewa katika orodha ya wachezaji na kupangiwa kazi ya kubeba mifuko. Mwaka jana waraka huo ningeusoma huku nakunywa chai. Mwaka huu umenikosesha usingizi, kwa kuwa kwa hesabu yangu ya Jumamosi iliyopita sasa nimefika thelathini na moja. Nasema wazi, Ndugu Mwenyekiti: naogopa kurudi kwenye ule mfuko. Bega langu la kushoto mpaka leo limeshuka kuliko la kulia, na fundi cherehani akinishonea koti huniuliza kama niliangukiwa na mti.

Chanzo cha kuporomoka kwangu ni Kamati. Malalamiko yangu ni haya.

1. Wazungu walipoondoka waliacha stoo seti mbili za vyuma. Moja ilikuwa ya vyuma vyembamba na nyingine ya vyuma vipana. Mliniita nichague kwanza, na nikashukuru kwa heshima hiyo. Nilichukua miezi mitatu kuvijaribu vyote, maana kumchagulia vyuma mchezaji wa kati si jambo la kukurupuka. Chuma chembamba ni cha bingwa. Ukikosea kidogo tu kinakuadhibu, ganzi inapanda mpaka kwapani, na mpira unakwenda kwa majirani. Mtu wa kati anataka chuma chenye uso mpana, mgongo uliochimbwa na uzito uliokaa chini, ili hata akipiga vibaya mpira uende mbele kwa adabu. Kwa kifupi anataka chuma kinachosamehe. Nikachagua vipana. Vile vyembamba mkampa mhunzi avifanye majembe, na sina ugomvi na hilo, kwa kweli vinafaa zaidi huko. Lakini katika muhtasari wenu wa kikao imeandikwa, nami nimeisoma kwa macho yangu: "Wajumbe walitaka kujua ni makosa gani ambayo Ndugu Lukumani anakusudia kuyafanya hata aombe msamaha mapema." Swali hilo halijafutwa hadi leo. Jirani zangu wameanza kuniangalia.

2. Seti yangu ilikuwa na vyuma saba, kuanzia namba tatu hadi namba tisa. Namba tatu na namba nne ni virefu na vigumu kuinua mpira, havimfai mtu wa kati hata viwe na uso mpana namna gani. Kwa uaminifu wangu nikavirudisha nikabaki na vitano. Hili ndilo kosa nililolifanya mimi, nalikubali. Nyinyi mkaandika kwamba nimeanza kujikosoa. Mkapiga makofi, vyuma vile viwili mkatundikia pazia la ofisi, na katika kikao kilekile mkaamua kunisaidia nimalizie kujikosoa kwa kuchukua na vile vitano vilivyobaki.

3. Kwamba mtu mmoja kuwa na vyuma vitano wakati wengine hawana hata kimoja ni dalili ya ubepari, hilo nimelisikia. Mkavigawa kwa watu watano. Naomba Kamati iangalie hali ya kila chuma ilivyo leo.

Namba tano anayo Bibi Apolinaria, mkulima wa tumbaku kule Itetemia, mjane, mtu mzima wa kuheshimiwa, ambaye namwamkia shikamoo hata nikiwa nimekasirika. Anakitumia kuangulia mapapai. Anasema kinamfaa sana kwa sababu kina pembe.

Namba sita anayo Siwema wa hapahapa Isevya, mpika vitumbua. Anachochea nacho mkaa. Mpini wa mpira umeungua na sasa ukishika unanuka iliki na mafuta ya jana. Sikatai kwamba harufu hiyo ni nzuri, ila nikiinua chuma kupiga nakumbuka njaa na macho yanatoka kwenye mpira.

Namba nane alipewa Ndugu Eustace, mwalimu wa kwaya ya Wamoraviani. Anaongozea kwaya. Nimekwenda kumwona siku ya mazoezi, na sauti ya nne hukaa viti viwili nyuma zaidi kuliko zamani, kwa usalama.

Namba saba, ambayo ndiyo moyo wa seti ya mtu wa kati, chuma ambacho angeambiwa achague kimoja tu angekichagua hicho, mlimpa Nikolaus wa Kwihara. Mgeni yeyote akipita kule kuangalia mambo ya njia ya misafara, Nikolaus humkaribisha kwake, humpa kigoda, kisha humtolea namba saba yangu iliyofungwa kwenye kipande cha kaniki. Anawaambia kwamba babu yake, mpagazi, aliachiwa fimbo hiyo na Mzungu mmoja mgonjwa. Wiki mbili zilizopita mama mmoja kutoka ng'ambo aliishika akalia. Nilikuwepo. Nilitaka kusema kwamba nilikifungia mpini mwenyewe mwezi wa Januari kwa mpira wa baiskeli, lakini alikuwa analia kwa dhati.

Namba tisa anayo Mwenyekiti wa Kamati, yaani wewe. Unaonyeshea ramani ya vijiji vipya. Sitasema zaidi.

4. Kanuni yenu inasema mali ya umma haiazimwi. Aliyekabidhiwa chuma hawezi kumpa mtu mwingine, sharti aandamane nacho na kurudi nacho. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri mimi siendi kucheza peke yangu. Nakwenda na watu wanne, kila mmoja kakumbatia chake. Bibi Apolinaria anatoka Itetemia kwa miguu. Nikolaus anatoka Kwihara kwa baiskeli ambayo kila wiki lazima niitengeneze kwanza, kwa sababu njia ile inaila. Siwema anakuja na sufuria ya vitumbua kichwani na chuma mkononi, ili asipoteze siku. Wewe huji. Unasema namba tisa iko kazini.

Ingekuwa ni hilo tu ningevumilia. Lakini Nikolaus ni mjukuu wa mpagazi, na alipoona watu wanne wamebeba vitu kuelekea upande mmoja, damu ikamchemka. Akasema huu ni msafara, na msafara una utaratibu wake ambao babu yake alikwenda nao pwani na kurudi mara sita. Tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna kugusa mzigo wa mwenzako, hata akiwa amechoka, kwa kuwa kugusa mzigo wa mtu ni kumtukana. Kila shimo ni kituo, na kila kituo tunapumzika, tunakula kitumbua, tunaulizana hali. Kiongozi hukaa mbele naye ni Nikolaus. Mwenye mali hukaa nyuma kabisa na hasemi neno mpaka aulizwe. Mwenye mali ni mimi. Nacheza gofu nikiwa wa mwisho katika mchezo wangu mwenyewe, na mpira wangu nauona nikishaelezwa uko wapi.

5. Katika utaratibu wa Nikolaus, kila mzigo lazima ufunguliwe kila kituo, vinginevyo aliyeubeba amebeba bure, na ukimbebesha mtu mzima mzigo bure umemdharau. Nilipeleka jambo hili kwenye Kamati nikitegemea mtamkatalia. Mkamuunga mkono. Mkaandika: "Kila chuma kifanye kazi."

Naomba Kamati ielewe maana yake uwanjani. Shimo la pili ni fupi, mchezaji wa kati hulifikia kwa namba nane moja safi, kisha anasukuma mpira kwenye brauni, yaani ule mduara wa mchanga uliomwagiwa oili chafu ambao kwetu unashika nafasi ya majani. Sasa mimi napaswa kuanza na namba tano kwa heshima ya Bibi Apolinaria. Mpira unapita brauni, unapita uzio, unakwenda relini. Narudi nao kwa namba sita, unapita tena upande wa pili. Narudi kwa namba saba. Nikifika namba nane nimeshapita juu ya shimo lilelile mara tatu na watu wa nyumba za reli wametoka nje kutazama. Nikijaribu kuruka zamu ya mtu, ananuna. Bibi Apolinaria alinuna kituo kizima shimo la tatu, na mtu wa umri ule akikununia huwezi kulenga. Hivi ndivyo mtu mwenye kumi na sita alivyofika thelathini na moja.

6. Nimesikia kwa Siwema, ambaye alisikia kwa mke wako wakati ananunua vitumbua, kwamba mjumbe mmoja ameshangaa kuona namba tano ni ndefu kuliko namba tisa. Amependekeza vyote vikatwe kwa msumeno viwe na urefu mmoja ili kusiwe na chuma kinachojiona. Naomba, kwa unyenyekevu wote nilio nao, msumeno huo uchelewe kupatikana.

Kutokana na hayo, naiomba Kamati ichague moja kati ya haya:

(a) Vyuma vyote vitano vilale nyumba moja, yaani kwangu, kwa muda wa saa tatu kila Jumamosi, kisha vitawanyike tena kwa amani. Nitavirudisha mwenyewe kwa baiskeli, na cha Siwema nitakirudisha kikiwa na masizi yake.

(b) Ikiwa (a) haiwezekani kwa sababu za kisiasa, basi kwa kuwa Serikali inahamishia watu katika vijiji ili huduma ziwafikie, Kamati iombe wenye vyuma watano wahamishiwe pamoja katika kijiji kipya kati ya shimo la nne na shimo la tano. Mahali pale pana kivuli na maji hayako mbali. Bibi Apolinaria anaweza kulima upande wa kushoto, ambako mipira yangu haifiki mara nyingi. Kwaya itapata nafasi ya kutosha ya kurudi nyuma. Nyumba ya Mwenyekiti nimeshaipimia, dirisha lake litatazama shimo la sita.

(c) Ikiwa (b) nayo haiwezekani, basi nitangazwe mimi kuwa kijiji. Nimesoma waraka vizuri na sikuona mahali palipokatazwa kijiji cha mtu mmoja. Kijiji kina haki ya kuwa na vifaa vyake.

Naomba jibu kabla ya Saba Saba. Sitaki kurudi kwenye mfuko, Ndugu Mwenyekiti. Mengine yote katika barua hii mnaweza kuyacheka, lakini hilo naomba msilicheke. Wewe ulikuwepo juu ya kile kichuguu.

Nisalimie shemeji Marcelina na umwambie mnyororo wa baiskeli yake uko tayari. Wasalimie wajumbe wote, pamoja na yule wa msumeno. Salamu pia kwa mlinzi wa ofisi, ambaye hushikilia pazia upepo ukivuma. Mama watoto, Mwamvita, anawasalimu nyote, na ameniagiza niandike kwamba barua hii hakuisoma.

Wako katika ujenzi wa taifa na uzibaji wa pancha,

Lukumani bin Shomari,
Mchezaji wa Kati (hadi tarehe 7 Julai).

NYONGEZA, Jumapili 23 Juni.

Barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua kwa mvuke wa chai kwa sababu ya mambo yaliyotokea jana.

Tulifika shimo la sita, ambalo unalijua ni refu, nami nikainama kupiga na namba tano. Bibi Apolinaria hakunipa chuma. Akasema, "Lukumani mwanangu, kila Jumamosi nakitoa hiki Itetemia, nakuletea, unakipiga vibaya, nakirudisha nyumbani kina aibu. Leo nakipiga mwenyewe." Nikatazama nyuma kutafuta mtu wa kumkataza, nikakumbuka wa nyuma ni mimi na siruhusiwi kusema. Akatema mate viganjani, akasimama kama anayeanza tuta, akashusha. Mpira ukavuka mtaro wote unaokatiza uwanja pale, ukaenda umenyooka, ukatua katikati. Miaka arobaini ya jembe la tumbaku, Sylvester! Sisi tulikuwa tunatazama vifundo vya mikono ya Wazungu, na huyu mama alikuwepo Itetemia wakati wote huo.

Siwema naye akatua sufuria, akakaza khanga, akapiga namba sita kwa kile kiganja cha kugeuzia kitumbua, upesi na bila kelele. Nikolaus akafungua kaniki yake taratibu, akaanza kutueleza habari za babu yake na Mzungu mgonjwa, tukamwambia sisi si wageni, akapiga. Eustace akahesabu moja, mbili, tatu, na ya nne akapiga, nadhani hata mpira uliimba kidogo.

Mapigo manne. Tangu Uhuru sijawahi kufika pale kwa mapigo chini ya sita, hata siku zangu za kumi na sita, hata vyuma vyote vikiwa mkononi mwangu. Tulikimbia wote kuuona mpira, na hapo utaratibu wa msafara ukavunjika, Nikolaus mwenyewe ndiye aliyeuvunja. Mpira uko hatua thelathini kutoka kwenye brauni, nyuma ya kichuguu chetu.

Nikiwa nakimbia nikasikia kitu kinanigonga ubavuni. Ulikuwa ule mfuko wa zamani, ambao huwa nauleta kwa mazoea tu ukiwa na taulo ndani. Nilikuwa nimeuvaa begani, bega la kushoto, bila kuambiwa na mtu. Nilikuwa nimebeba mfuko, Sylvester, na nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja hadi sita yafutwe. Vyuma vibaki huko viliko, na viendelee kuchochea, kuangua, kuongoza kwaya na kuliza wageni. Yale niliyoyasema kuhusu kumchagulia vyuma mtu wa kati ni ya kweli yote, ila nilikuwa nachagua vyuma wakati nilichokosa ni watu. Hendikepu iandikwe kwa majina yetu sote kwenye kadi moja. Kamati ikikataa, niandikeni kwenye orodha ya wabebaji kuanzia tarehe 7 Julai, nimekubali kwa maandishi. Mwamvita ameisoma nyongeza hii na anauliza lile pazia la ofisi mtalishusha lini, kwani yeye na shemeji Marcelina wanataka namba tatu na namba nne.

Limebaki jambo moja na ni la haraka. Kutoka pale mpira ulipo hakuna mwenye kupiga isipokuwa namba tisa, chuma cha kuinua mpira karibu na shimo. Jioni zile Wazungu walipokuwa wameshakwenda kunywa, tulipokuwa tunapiga mpira mmoja wa kuokota kwa gongo la mninga, hakuna aliyejua kupiga mpira wa karibu na shimo kama wewe. Nimewaambia hawa wanne na hawaniamini. Mpira hatukuugusa. Tumeufunika na sufuria ya Siwema kunguru wasiuchukue, na Siwema anaitaka sufuria yake kabla ya alfajiri ya Jumanne.

Njoo kesho alasiri. Acha ramani, leta namba tisa. Mfuko nitaubeba mimi.

L.